Upepo wa Tezi: Historia ya Spinaka na Sura Zake Mbili

Asiyeijua bahari hudhani hakuna safari nyepesi kama ya upepo wa tezi. Upepo unasukuma kutoka nyuma, mawimbi yanakwenda njia moja na chombo, hakuna kulala ubavu wala kulowa. Mabaharia wa mashua za mashindano wanajua vingine. Wakati wa kubisha, mashua zinazolingana hupishana kwa kidogo sana. Zikishazunguka boya la joshini na kuupa upepo tezi, ndipo wa tano anapokuwa wa kwanza, kamba zinapotatana, na tanga la gharama kubwa linapoishia chini ya mkuku.

Tanga hilo ni spinaka: jepesi, la kitambaa chembamba, lenye tumbo pana, linalotwekwa mbele ya mlingoti upepo unapotoka nyuma au ubavuni, na kuteremshwa mara tu mashua inapoanza kubisha tena. Lina sura mbili. Spinaka linganifu ina pande mbili za urefu sawa, na kona yake moja husukumwa nje kwa mti ulioshikizwa mlingotini. Spinaka isiyo linganifu ina upande wa mbele mrefu kuliko wa nyuma, na kona yake ya mbele hufungwa kwenye mlingoti wa maji, ule unaochomoza mbele ya omo. Anayeandaa mashua ya mashindano mara nyingi hulazimika kuchagua, na ubishi wa klabuni kwa kawaida huichukulia ya kwanza kuwa mambo ya wazee na ya pili kuwa mambo ya vijana.

Historia haikwenda hivyo. Spinaka za mwanzo kabisa hazikuwa linganifu. Ulinganifu ulikuja baadaye kutatua tatizo mahususi, na ulipoachwa, uliachwa na baadhi ya mashua tu, kwa kuwa mashua hizo zilikuwa zimebadilika. Mara zote umbo la chombo na kasi yake ndivyo vilivyoamua tanga la kutweka.

Chanzo ni Solent, mlangobahari ulio kati ya kisiwa cha Wight na pwani ya kusini ya Uingereza. Katika miaka ya 1865 na 1866 mashua mbili, Niobe ya William Gordon na nyingine iliyoitwa Sphinx, zilitweka tanga kubwa la pembe tatu upande ulio kinyume na tanga kuu, upepo ukiwa nyuma. Hutajwa mara nyingi kwamba jina la Sphinx, kwa jinsi mabaharia walivyolitamka, ndilo lililozaa neno spinaka. Kufikia Agosti 1866 neno lilikuwa limeshachapishwa katika majarida ya mashua.

Tanga la enzi hiyo lilikuwa na upande wa mbele na upande wa nyuma, kila mmoja na kazi yake. Likisukumwa nje kwa mti wake lilijaa vizuri, na mashua ikaongeza mwendo. Shida ilikuwa kugeuza. Tanga kuu lilipohamia upande wa pili, spinaka ilipaswa kuteremshwa, mti ukahamishwa, kisha tanga likatwekwa upya. Kwenye mashua za matajiri wa enzi ya Malkia Victoria, zilizojaa mabaharia wa kulipwa, kazi hiyo ilivumilika. Mashua zilipopungua mabaharia na mbio zilipokuwa za karibu zaidi, dakika zilizopotea zikaanza kuuma.

Dawa ilipatikana kati ya vita kuu mbili za dunia. Sven Salén, mwenye meli wa Uswidi aliyeshinda pia medali ya shaba katika Olimpiki ya 1936, hutajwa sana kuwa miongoni mwa waliolileta tanga la aina ya parachuti: pana mabegani, lenye pande mbili za urefu mmoja, linalojaa mbele ya mashua nzima badala ya kujificha upande mmoja. Kwa kuwa pande zake zililingana, upande wowote uliweza kuwa wa mbele. Mashua ikigeuka, tanga hubaki juu likiwa limejaa, na kinachohama ni mti tu. Huo ndio msingi wa ulinganifu, na ni fikra nzuri mno: tanga lisilojali upepo unatoka kushoto au kulia.

Mashua za daraja la J, zilizoshindania America's Cup katika miaka ya 1930, zililichukua wazo hilo na kulifikisha mwisho wake. Mwaka 1934 Thomas Sopwith, mtengenezaji wa ndege wa Uingereza, alivuka Atlantiki na Endeavour akiwa na spinaka iliyotobolewa matundu ili hewa iliyokwama tumboni ipate pa kutokea. Mabaharia waliibatiza Annie Oakley, kwa jina la yule mwanamke Mmarekani mwenye shabaha. Endeavour ilishinda mbio mbili za kwanza, kisha ikapoteza nne mfululizo mbele ya Rainbow ya Harold Vanderbilt. Miaka mitatu baadaye Vanderbilt alirudi na Ranger, yenye urefu wa mita 41, ikibeba spinaka ya futi za mraba 18,000. Hizo ni takriban mita za mraba 1,670, karibu robo ya uwanja wa mpira, zikining'inia kwenye mlingoti mmoja. Endeavour II ilifungwa 4–0.

Vitambaa vya wakati huo vilikuwa pamba na hariri. Pamba ikilowa huwa nzito na hukataa kujaa upepo unapofifia. Nailoni, iliyopatikana katika maabara za DuPont mwaka 1935 na kutumika sana kwa parachuti wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, iliibadilisha kazi yote. Baada ya vita mafundi wa matanga walikuwa na kitambaa chepesi, chenye nguvu, kisichonywa maji kama pamba na kinachokubali rangi yoyote. Rangi kali za spinaka zinazopendwa na wapiga picha hadi leo zilienea kwa njia hiyo.

Kwa miongo mitatu iliyofuata hakukuwa na mjadala. Spinaka maana yake ilikuwa spinaka linganifu. Mfano bora ni J/24, mashua ya mita 7.3 iliyobuniwa na Rod Johnstone, ambaye ya kwanza aliijenga kwenye gereji ya nyumba yake, na iliyoanza kuuzwa mwaka 1977. Zaidi ya 5,000 zimetengenezwa. Anayetaka kujua baharia wa omo anafanya kazi gani, aitazame J/24 ikigeuza katika upepo wa noti 15. Nahodha anaipindisha mashua taratibu, na mtu mmoja anabaki na kamba mbili za spinaka mikononi, akilishikilia tanga lisimame mbele bila kuyumba. Wa omo amesimama, mgongo kwenye mlingoti, miguu imeachana. Anaung'oa mti kutoka mlingotini, anaukamata kwenye kamba ya upande mpya, anausukuma nje kwa mkono ulionyooka huku akiuachia upande wa zamani, kisha anaushikiza tena mlingotini. Sekunde chache tu. Akichelewa, tanga linaanza kupepesuka kushoto na kulia, mashua inafuata, na watu wote watano wanajikuta wakining'inia kwenye ukingo huku usukani ukiwa hewani.

Ustadi huo hauonekani na watazamaji wa ufukweni, na ni hasara yao.

Mabadiliko yalitoka mbali na klabu za matajiri, kwenye bandari ya Sydney. Huko, mwaka 1891, mwenye duka kubwa aliyeitwa Mark Foy alianzisha Sydney Flying Squadron kwa nia ya kuufanya mchezo wa mashua uwe wa kutazamwa na watu wa kawaida. Mashua zake za futi 18 zilibeba alama kubwa za rangi kwenye matanga ili mtu aliye kwenye kivuko aitambue anayoishangilia, na mbio za kwanza zilifanyika tarehe 26 Januari 1892. Zilikuwa mashua fupi na pana, zikibeba mabaharia zaidi ya kumi na matanga yasiyolingana kabisa na urefu wa chombo. Watu walijaa kwenye vivuko na kuwekeana dau.

Kisha zikaanza kuwa nyepesi. Mnamo 1960 Bob Miller, ambaye baadaye alijiita Ben Lexcen na kuichora Australia II iliyoutwaa ubingwa wa America's Cup mwaka 1983, aliitoa Taipan, mashua nyepesi ya mbao za tabaka iliyohitaji watu watatu tu. Iain Murray akatawala kati ya 1977 na 1982 kwa kutwaa ubingwa mara sita mfululizo. Mashua hizi hazikuwa tena zikikata maji. Zilipanda juu yake na kuteleza. Hapo spinaka linganifu ilianza kuwa mzigo. Mti ulirefuka kadiri tanga lilivyokua, na watu watatu wanaoteleza kwa kasi ya kutisha walitakiwa kuushika, kuuhamisha na kuushikiza upya huku mashua ikirukaruka chini yao.

Katika miaka ya 1980 Julian Bethwaite na Andrew Buckland waliuondoa mti wenyewe. Waliweka mlingoti wa maji usiohama, wakafunga kona ya mbele ya tanga kwenye ncha yake, na kulikata tanga upya ili upande wa mbele uwe mrefu na uwe wa mbele daima. Kugeuza kukawa kama kugeuza tanga la kawaida la omo: kamba moja inaachiwa, nyingine inavutwa, tanga linapita mbele na kujaa upande wa pili. Hakuna anayepanda omo. Julian alikuwa mtoto wa Frank Bethwaite, rubani wa zamani wa vita aliyetumia maisha yake kuusoma upepo, na kitabu chake High Performance Sailing cha mwaka 1993 kinaeleza kwa hesabu kile ambacho mabaharia wa Sydney walikuwa wamekihisi mikononi.

Kwa msomaji wa Lamu au Unguja wazo la kona ya mbele isiyohama halina ugeni. Tanga la jahazi lina joshi yake iliyofungwa mbele na demani inayoshikwa nyuma, na mabaharia wanaoshindana kwa mashua wakati wa Maulidi ya Lamu wanajua vema tanga la namna hiyo linapenda upepo wa ubavuni kuliko ule wa nyuma moja kwa moja. Tofauti iko kwenye foromali: jahazi likigeuza, foromali nzima huzungushwa mbele ya mlingoti, kazi ya watu wenye nguvu, ilhali tanga la Bethwaite halina foromali kabisa.

Hesabu ya jambo hili inatosha kwenye karatasi moja, na inafaa kufuatwa kwa makini kwa sababu ubishi wote umejificha humo. Spinaka isiyo linganifu haiwezi kwenda na upepo wa nyuma kabisa. Tanga kuu huikinga, nayo hunyauka. Hivyo mashua hulazimika kwenda mshazari, mara kulia mara kushoto, kama inavyofanya wakati wa kubisha. Ikijitenga na mstari wa moja kwa moja kwa nyuzi 30, njia yake inarefuka kwa asilimia 15. Kwa nyuzi 40, inarefuka kwa asilimia 30. Ili isipoteze, lazima iongeze kasi kwa kiwango hichohicho au zaidi.

Mashua nzito haiwezi. Chombo kisichoteleza hufungwa na wimbi lake lenyewe, na J/24, yenye mita sita hivi za urefu ndani ya maji, hugonga ukuta karibu na noti 6. Kama inakwenda noti tano na nusu moja kwa moja, kuipeleka mshazari hakutaipa ile nyongeza ya asilimia 15. Bora mti uvutwe nyuma kabisa, tanga lisimame wazi, na mashua ishike njia fupi.

Sasa ichukuliwe mashua inayoteleza, katika upepo wa noti 12, ikienda mshazari wa nyuzi 40 kwa kasi ya noti 12. Aliye ufukweni anaona upepo ukitoka nyuma yake. Waliomo ndani wanauhisi ukiwapiga kutoka mbele ya ubavu, nyuzi 70 hivi kutoka omo, kwa nguvu ya noti 8, kwa kuwa kasi yao imejitengenezea upepo mwingine. Na wanashuka kuelekea boya kwa zaidi ya noti 9. Iwapo mashua hiyohiyo ingekwenda moja kwa moja kwa noti 7, ingebakiwa na upepo wa noti 5 tu kwenye matanga yake. Tanga linaloona upepo wa ubavuni siku nzima linahitaji upande wa mbele ulionyooka na tumbo la wastani. Umbo la parachuti halina kazi hapo.

Wazo la Sydney lilivuka bahari haraka. Kampuni ileile ya J/24 iliitoa J/105 mwanzoni mwa miaka ya 1990, mashua ya mita 10.5 yenye mlingoti wa maji unaochomolewa kutoka ndani ya chombo wakati wa kutweka na kurudishwa baadaye. Hiyo ilikuwa mashua ya familia na ya mbio kwa pamoja. Kilichowavutia wengi ni idadi ya watu, kwa sababu tanga ambalo zamani lilihitaji mtu mwenye uzoefu omo sasa liliweza kushughulikiwa na watu wachache wakiwa wamekaa nyuma. Melges 24 ilifuata mwaka 1993, na kuanzia hapo mashua mpya ndogo ya mbio isiyo na mlingoti wa maji ikawa ndiyo ya kuulizwa maswali.

Kanuni hazikwenda kwa kasi hiyo, na San Diego mwaka 1992 ililipia. Ilikuwa fainali ya Louis Vuitton Cup, ya kumpata wa kupambana na Marekani katika America's Cup. Mashua za daraja jipya zilitumia spinaka linganifu pamoja na genaka, ndugu wa spinaka isiyo linganifu. New Zealand, iliyogharamiwa na Michael Fay na kuongozwa na Peter Blake, ilileta NZL-20 ya mbunifu Bruce Farr, ikiwa na mlingoti wa maji. Iliongoza 4–1 dhidi ya Il Moro di Venezia ya Italia na ilihitaji ushindi mmoja zaidi. Paul Cayard, nahodha wa Il Moro, alishikilia kwamba wapinzani wake walikuwa wakiutumia mlingoti wa maji kinyume cha kanuni wakati wa kuigeuza genaka. Waamuzi wakaufuta ushindi mmoja wa New Zealand. Timu iliyokuwa ikisherehekea mapema ilivurugika, ikabadilisha washika usukani, ikapoteza mbio hadi fainali ikaisha 5–3 kwa Il Moro, ambayo nayo ilifungwa 4–1 na America³ ya Bill Koch. Ni haki kusema kwamba Cayard alizisoma kanuni kwa makini kuliko wenzake. Ni haki pia kusema kwamba zilikuwa kanuni zenye mawazo ya mti wa mlingotini, zikisimamia mashua zilizokwisha kuuzoea mlingoti wa maji.

Olimpiki ilichukua njia ya hekima zaidi: haikuchagua. Mashua ya 470, iliyochorwa na Mfaransa André Cornu mwaka 1963 na kuingia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, imebaki na spinaka linganifu na mti wake. Mwaka 2000, huko Sydney kwenyewe, iliungana na 49er, mashua ya Julian Bethwaite yenye urefu wa mita tano hivi na spinaka isiyo linganifu ya takriban mita za mraba 38. Wafini Thomas Johanson na Jyrki Järvi walitwaa dhahabu ya kwanza ya daraja hilo. Toleo la wanawake, 49erFX, lilianza Rio mwaka 2016, na Wabrazili Martine Grael na Kahena Kunze wakashinda nyumbani. Agosti 2024, kwenye maji ya Marseille, Lara Vadlau na Lukas Mähr wa Austria walipata dhahabu ya 470 kwa kuhamisha mti kutoka upande hadi upande, katika mashindano yaleyale ambamo Wahispania Diego Botín na Florian Trittel walishinda 49er bila kuwa na mti wa kuhamisha. Anayesema spinaka linganifu imekufa hakuzitazama mbio hizo.

Kasi ikipanda mno, spinaka zote mbili huondoka. America's Cup ya mwaka 2021 huko Auckland ilishindaniwa kwa mashua za AC75, zinazonyanyuka juu ya maji kwa mabawa. Zilishuka na upepo kwa tanga kuu na tanga dogo la omo peke yake, kwa kuwa upepo waliouhisi waliomo ndani ulitoka mbele wakati wote. Spinaka ya Ranger ingewasimamisha papo hapo.

Wenye mashua za daraja moja hawana uamuzi wa kufanya. J/24 inabaki na spinaka linganifu kama ilivyoanza. J/70 ya mwaka 2012, kutoka kampuni hiyohiyo na yenye urefu unaokaribiana, ilizaliwa na mlingoti wa maji. Wenye kuumiza kichwa ni wale wa mashua za mita 10 hadi 12 zenye uzito wa wastani, zinazoshindana kwa kanuni za ulinganisho kama IRC, ambazo huhesabu ukubwa wa spinaka na namna inavyoshikiliwa. Wengi wao hufunga mlingoti wa maji mfupi na kuuacha mti wa zamani mahali pake. Mbio zikiwa za kuzunguka visiwa, zenye upepo mwingi wa ubavuni na watu wachache ndani, wanatweka isiyo linganifu. Zikiwa za kupanda na kushuka kati ya maboya mawili, upepo wa noti 15, mkondo wa maji ukiwalazimisha kushika mstari mmoja, mti hutolewa, na baharia wa omo huitwa mbele.